Kivuli cha Jahazi: Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Gavana

3 Februari 2025

Mheshimiwa Gavana,

Naomba radhi tangu mwanzo kwa kukuandikia hadharani. Ningeweza kuja ofisini nikakaa kwenye benchi, lakini pale wapo wenye shida za maji, za karo na za mashamba, na niliona si adabu kuchukua zamu ya mama mwenye mtoto mgonjwa kwa ajili ya jambo langu, ambalo ni nyota. Barua haimwondoi mtu kwenye foleni. Uisome utakapopata nafasi, na ukichelewa kuipata sitahesabu kwamba umenipuuza.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mwenye umri wa miaka 66. Nimefundisha miaka 34, na katika miaka hiyo yote nimeichora Zohali ubaoni mara zisizo idadi: duara, kisha pete ya kuizunguka, kwa chaki ya manjano. Zohali yenyewe sikuwahi kuiona kwa darubini hadi Jumamosi ya tarehe 25 Januari mwaka huu. Kwa idhini yako nikusimulie usiku ule, maana ombi langu limo ndani yake.

Lakini kwanza niruhusu nikushukuru kwa taa. Binti yangu ni muuguzi, na zamu yake humalizika saa tatu usiku. Zamani nilikuwa nikimngojea mwisho wa lami nikiwa na kurunzi na fimbo. Tangu ile taa kubwa, ambayo watu wameibatiza mulika mwizi, ilipowekwa kando ya uwanja wa diko, anarudi peke yake, na mimi hubaki nyumbani nikamtilia chai. Mama wa viazi karai sasa hufanya biashara hadi usiku mkubwa. Wavuvi wanaorudi huiona taa hiyo kabla hawajaona nchi kavu. Kwa hiyo, Mheshimiwa, usije ukadhani kwamba anayekuandikia ni mtu anayetaka mji urudi gizani. Nakuombea dua kwa ajili ya taa ile, na nitaendelea.

Usiku niliokutajia ulitayarishwa na kilabu cha vijana wapenzi wa nyota. Ni vijana wetu wa hapa hapa: wanafunzi wawili wa chuo kikuu, fundi wa simu, dereva wa tuktuk, na msichana mmoja afundishaye hesabu shule ya msingi. Kwa muda wa wiki nzima redio zilikuwa zikizungumza juu ya sayari zilizojitokeza kwa pamoja jioni, nao wakaona huo ndio wakati wa kuwaita watu. Wana darubini moja, yenye kioo cha inchi 8, ndani ya bomba lililokaa juu ya kiti cha mbao kinachozunguka kama meza ya mfinyanzi. Muundo huo umeenezwa na John Dobson, aliyekuwa mtawa wa Vedanta huko Marekani, ambaye mwaka 1968 alishiriki kuanzisha kikundi cha kusimamisha darubini kandokando ya njia za San Francisco ili kila apitaye atazame bure. Vijana wetu nao hawakutoza hata shilingi. Walikuja watu kama 90: watoto wa madrasa na kofia zao, akina mama na leso zao, wavuvi, bodaboda waliozima pikipiki wakasimama tu.

Ilikuwa kaskazi yenyewe, Mheshimiwa, upepo mkavu na mbingu isiyo na wingu. Upande wa magharibi, juu ya minazi, Zuhura ilikuwa inang'aa kiasi kwamba watoto waliuliza kama ni ndege inayokuja kutua. Chini yake kidogo ilikuwapo Zohali, hafifu, ya rangi ya samli. Vijana wakaielekeza darubini huko, maana Zohali huwahi kutua na walitaka kila mtoto aipate.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Mlingoti wa taa umesimama upande huo huo wa magharibi, baina ya uwanja na mji. Taa zake hazikuinama kuangalia ardhi. Zimeelekezwa pembeni, na mwanga wake ukawa unaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa darubini. Aliyechungulia aliona ukungu mweupe, na katikati ya ukungu kitu kama punje. Akina mama wawili wakavua leso zao za juu wakazitandaza hewani ziwe pazia. Ikasaidia. Kwa dakika chache pazia likatulia, na mtoto mmoja wa kike wa darasa la 4 akasimama juu ya kreti ya soda, akafunika jicho moja kwa mkono, akanyamaza kimya. Kisha akasema, "Mwalimu, imechomwa sindano."

Nami nikachungulia. Alikuwa amesema kweli. Mwaka huu pete za Zohali zimetugeukia ubavu, jambo linalotokea kila baada ya miaka 15 hivi, na mwezi Machi zitakuwa zimelala sawasawa na macho yetu hata zisionekane. Usiku ule zilikuwa mstari mwembamba uliopita katikati ya duara na kutokeza huku na huku. Niliyoichora miaka 34 ilikuwa na pete pana kama sahani. Hakuna ubao ambao ungeweza kunifunza kwamba pete zile ni nyembamba namna ile. Nilishuka kwenye kreti nikakaa chini mchangani, na sioni haya kukuambia kwamba nililia.

Upepo haukutungojea. Leso zikapeperuka, zikashikwa, zikapeperuka tena. Kijana mmoja akamwendea askari wa zamu kwa heshima akamwuliza kama taa inaweza kuzimwa kwa nusu saa. Askari, ambaye ni mtu mwungwana, akajibu kwamba hana ufunguo, na kwamba taa hujiwasha yenyewe giza likiingia na kujizima yenyewe kukipambazuka. Mama wa viazi karai alipolisikia hilo akazima balbu yake akaendelea kukaanga kwa mwanga wa jiko. Wa mishikaki naye akazima, na wa miwa. Yote hayo hayakupunguza chochote, lakini nilitaka uyajue, kwa sababu watu wale wanaishi kwa kile wanachokiuza usiku.

Ilipofika saa tatu kasorobo Zohali ikaingia nyuma ya minazi. Kwenye foleni walikuwa wamebaki watoto 11. Nimewahesabu kwa sababu ndiyo kazi niliyoizoea, kuhesabu watoto. Zohali sasa inalikaribia jua na itapotea machoni petu. Itarudi kutawala usiku wetu mwezi Septemba. Kwa mtoto wa miaka 8, Mheshimiwa, Septemba ni mbali kama uzee.

Tukahama. Pale diko pamepandishwa jahazi moja linalotiwa kalafati, limeegemezwa kwenye magogo, na upande wake wa baharini linatupa kivuli kirefu. Vijana wakaibeba darubini hadi ndani ya kivuli kile, na watu wote tukajibana humo, bega kwa bega. Tulikuwa mjini, mbele ya bahari, na mahali pekee penye usiku palikuwa upana wa jahazi moja.

Jicho la mwanadamu linahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo lifunguke kikamilifu, na mwanga mkali wa mara moja huirudisha kazi hiyo mwanzo. Ndiyo sababu vijana walikuwa wamefunika kurunzi zao kwa karatasi nyekundu ya peremende, kwa kuwa mwanga mwekundu haulikatizi jicho sana. Basi tukangoja. Taratibu nyota zikaanza kutoka. Utosini, upande wa kaskazini, Mshtarii, na ndani ya darubini miezi yake 4 imejipanga, ile aliyoiona Galileo Januari ya mwaka 1610. Mwanga tuliokuwa tukiutazama ulikuwa umeiacha Mshtarii zaidi ya nusu saa kabla, wakati bado tunapigana na leso. Karibu nayo Dabarani, nyekundu, na jina lake kwa Kiarabu maana yake ni afuataye, kwa kuwa hukifuata Kilimia. Na Kilimia chenyewe hapo mbele, kama konzi ya mchele.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gogo la jahazi, nahodha wa zamani aliyewahi kusafiri hadi Ghuba, alikuwa hajasema neno tangu jioni. Alipokiona Kilimia akasimama. Akawauliza watoto jina lake nani. Hakuna aliyejibu. Watoto wa pwani, Mheshimiwa, wanaozungumza lugha iliyolitoa jina hilo kwenye kulima, kwa sababu kuzama kwake jioni na kuzuka kwake alfajiri kulikuwa ndiko kalenda ya jembe! Ndugu zetu Waxhosa, kule mwisho wa bara, nao hukiita isiLimela, kutoka neno hilo hilo la kulima. Jina limesafiri na watu kutoka huko mababu wa wakulima walikotoka, likafika pembe mbili za Afrika, na hapa kwetu limekwama midomoni mwa wazee.

Mzee akawafundisha. Akaelekeza kidole upande wa kusini mashariki, juu ya bahari, akawaonyesha Suheli. Akasema ukishuka kutoka Lamu kwenda Mombasa usiku wa kaskazi, Suheli hukaa kushoto kwa omo, na nahodha akiiona pale hulegeza moyo. Akawaonyesha Jabari na mkanda wake. Akawaambia kwamba Jaa, nyota ya kaskazini, hapa kwetu hatuioni kwa kuwa imezama chini ya upeo, lakini ukipanda na kusi hadi Ras Hafuni utaikuta imesimama juu ya maji. Akanyoosha mkono, akakunja ngumi, akafumba jicho moja: "Kiasi cha ngumi hii." Nikafanya hesabu kichwani. Ras Hafuni iko nyuzi 10 kaskazini ya ikweta, na ngumi iliyonyooshwa mbele ya uso hupima takribani nyuzi 10. Manahodha wa zamani walikuwa na kipande cha ubao chenye uzi wa mafundo, kamali, kwa kipimo hicho hicho. Mzee alikuwa nacho mkononi mwake. Nilifundisha latitudo miaka 34 na sikujua kwamba mtaani kwetu anaishi mtu aliyezipima kwa ngumi.

Alifundisha kwa dakika 40 hivi. Kisha kivuli kikawa kidogo kwa watu, watoto wa nyuma wakawa wanasukumwa mwangani, na macho yao yakapofuka tena. Tukafunga.

Mheshimiwa, kwa unyenyekevu naomba nikueleze ninachokielewa kuhusu taa, kisha wataalamu wako watanisahihisha nitakapokosea. Mwanga unaokwenda pembeni na juu haumsaidii binti yangu hata kidogo. Haufiki miguuni pake. Kinyume chake humpiga machoni, na mtu aliyejificha nyuma ya ukuta hubaki kwenye giza zito kuliko kama taa ingekuwa imeinamishwa chini na kuvishwa kofia. Tunalipia stima ya kuyamulika mawingu. Rangi nayo ina neno: taa nyeupe inayoelekea buluu hutawanyika zaidi angani kuliko ile ya manjano ya joto, ya kelvini 3,000 au chini yake. Na kwa fukwe zetu kuna lingine. Vifaranga vya kasa vinapototoka usiku huufuata mwanga, kwa kuwa tangu zamani mwanga ulikuwa bahari. Taa iliyoelekezwa ufukweni huvipeleka barabarani.

Mwaka 2023 watafiti walichapisha katika jarida la Science matokeo ya zaidi ya mara 51,000 ambazo watu wa kawaida walitazama mbingu na kueleza nyota wanazoziona, baina ya mwaka 2011 na 2022. Waligundua kwamba anga ya usiku inaongezeka weupe kwa wastani wa asilimia 9.6 kila mwaka. Wakatoa mfano: mtoto azaliwaye mahali panapoonekana nyota 250, akifika miaka 18 ataziona 100 tu. Waliotazama wengi walikuwa Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa hiyo sidai kwamba hiyo ndiyo hesabu yetu. Ninachodai ni kwamba sisi bado tunazo. Ukitoka mjini kilomita chache tu mbingu imejaa. Sisi hatuna haja ya kurudisha kilichopotea. Tuna haja ya kutokipoteza, na hilo ni rahisi zaidi.

Wapo waliofanya hivyo bila ya kuuzima mji. Flagstaff, huko Arizona, ni mji wenye watu, hoteli na reli, na wana kituo cha kuangalia nyota ambako Pluto iligunduliwa mwaka 1930. Mwaka 1958 baraza la mji lilipitisha sheria dhidi ya taa za kumulika angani, na mwaka 2001 ukawa mji wa kwanza duniani kutambuliwa kimataifa kwa kulilinda giza lake. Wana taa barabarani. Zimetazamishwa chini.

Na tusijione wageni wa jambo hili. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama majini kaskazini ya Malindi, Waitaliano wakishirikiana na Wamarekani walirusha setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka mbinguni. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Nilikuwa mtoto wa miaka 12. Setilaiti ile ilifanya kazi hadi 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na mmoja kati ya viongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, akapata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Wanasayansi wa dunia nzima wakitaja ilivyotambuliwa kwamba chanzo kimoja cha mionzi hiyo, Cygnus X-1, huenda kikawa shimo jeusi, hulitamka neno la Kiswahili, na neno hilo lilipaa kutoka kwenye maji ya pwani hii. Ningependa mtoto wa pwani hii aweze kutoka nje ya nyumba yao akaona walau mahali neno hilo lilikokwenda.

Basi ombi langu ni hili, Mheshimiwa, na nalileta kwako kwa mikono miwili. Taa za uwanja wa diko ziinamishwe chini na zivishwe kofia, mafundi watakapopanda tena kuzikagua, ili isiwe gharama ya safari ya pili. Na pawepo swichi, ufunguo wake ukae kwa askari au kwa mzee wa mtaa, ili usiku mmoja kila mwezi, ule usio na mwezi, taa izimwe kwa saa 2. Tutazunguka uwanja sisi wenyewe na kurunzi nyekundu. Nimekwishazungumza na bodaboda. Watawasindikiza bure akina mama na wauguzi wa zamu usiku huo. Binti yangu ndiye wa kwanza kuandikisha jina.

Usiku wa karibu ni Jumamosi ya tarehe 22 Februari, kama wiki moja kabla ya pwani nzima kutazama magharibi kuusubiri mwandamo wa Ramadhani. Najua muda ni mfupi kwa kazi ya mafundi. Kwa usiku huo tunaomba kuzimwa tu, kuanzia saa moja na nusu. Zuhura itakuwa magharibi, juu ya minazi, na ndani ya darubini haitaonekana duara. Itakuwa hilali, nyembamba kama mwezi wa siku chache. Kivuli cha jahazi hakitatufaa kwa hilo, kwa sababu ubavu unaotukinga na taa ndio unaotukinga na magharibi. Na hata kivuli chenyewe hakitakuwapo muda mrefu: mwenye jahazi ameniambia litashushwa majini kusi ikianza, Mungu akijaalia.

Kwa adabu zote nakualika uje mwenyewe. Hapatakuwa na hotuba, wala hatutakuwekea kiti cha mbele, na kwa hilo naomba radhi sana, kwa kuwa foleni ni moja. Watoto 11 watatangulia, tumekwishawaahidi. Nafasi ya 12 nimeiandikia jina lako.

Wako kwa utii na heshima,
Mwalimu mstaafu wa jiografia, mtaa wa diko